Maradhi Yanayochelewa: Historia ya Virusi Vinavyoua Viwavi

Somo la historia kwa vikundi vya wasikilizaji wa Elimu ya Watu Wazima

Natumaini mmekwisha kukaa katika vikundi vyenu, na karani wa kikundi ana kalamu na karatasi tayari. Somo la leo ni la historia, walakini si historia ya wafalme wala ya vita vya mataifa. Ni historia ya kiwavi na maradhi yake.

Naanza na jambo ambalo wengi wenu mmeliona kwa macho. Mvua za kwanza zimenyesha, mahindi yamefika magotini. Asubuhi moja mwenye shamba anatoka na jembe lake, anakuta ardhi inatembea. Viwavi weusi wamejaa, wanakwenda pamoja upande mmoja kama askari, na kwa sababu hiyo tunawaita viwavijeshi. Katika mita moja ya mraba wanaweza kuwapo mia kadhaa, hata kufika elfu. Hula mahindi, mtama, uwele, ulezi, mpunga na majani ya malisho. Maharage hawayataki, lakini ugali hautoki katika maharage.

Zikipita siku kadhaa, shamba limebaki vijiti. Ndipo huonekana jambo la ajabu. Viwavi waliosalia hupanda juu kabisa ya mabua na nyasi. Hawali tena. Huning'inia kichwa chini, wamelegea kama kitambaa kilicholowa, na ukimgusa mmoja ngozi yake hupasuka na maji ya rangi ya kahawia humtoka.

Mimi niliwaona hivyo mara ya kwanza nilipokuwa mtoto wa shule. Marehemu babu yangu alisimama ukingoni mwa shamba lake la mtama lililokwisha kuliwa, akawatazama, akaniambia: "Mjukuu wangu, wanakufa sasa wakiwa wameshiba. Kwa nini hawakufa juzi?"

Sikuwa na jibu. Mwaka ule tulinunua chakula tangu mwezi wa tano. Baadaye, katika kusoma kwangu, nilijifunza kwamba swali la babu lilikuwa limewasumbua watu wengi wenye elimu, katika nchi nyingi, kwa zaidi ya miaka mia moja. Swali hilo ndilo somo letu.

Viwavi waliopendwa

Habari yetu yaanzia kwa watu waliowapenda viwavi. Nguo ya hariri hutokana na kiwavi alaye majani ya mforosadi. Anapokaribia kugeuka nondo hujisokotea nyumba ya uzi, na uzi huo ndio hariri. Wachina walimfuga kwa maelfu ya miaka, na baadaye ufugaji ukaenea hata Italia na Ufaransa, ambako familia nyingi za mashambani zilipata fedha yao kwa kazi hiyo.

Wafugaji hao walikuwa na adui mmoja mkubwa, nayo ni maradhi. Katika mwaka 1835 Mwitaliano Agostino Bassi alionyesha kwamba maradhi mamoja ya viwavi wa hariri huletwa na kuvu, yaani kiumbe kidogo cha jamii ya ukungu, kinachoambukiza kutoka kiwavi hata kiwavi. Tangu mwaka 1865 Louis Pasteur wa Ufaransa alitumia miaka kadhaa kuchunguza maradhi mengine ya viwavi hao. Kwa hiyo twaona kwamba elimu ya vijidudu vya maradhi, ambayo leo hutulinda sisi na watoto wetu, ilipata sehemu ya mwanzo wake katika vibanda vya kufugia viwavi.

Palikuwa na maradhi mengine tena, ambayo Waitaliano waliyaita giallume, maana yake unjano. Kiwavi huvimba, hugeuka rangi ya manjano, na mwisho hupasuka. Katika mwaka 1856 Waitaliano wawili, Angelo Maestri na Emilio Cornalia, walitazama damu ya viwavi hao kwa hadubini. Waliona punje ndogo sana, zenye pembe pembe, zinazong'aa kama chembe za chumvi. Katika kiwavi mzima hazikuwamo. Katika mgonjwa zilijaa tele.

Punje hizo ni nini? Wengine walidhani ni takataka tu za mwili unaooza. Katika miaka ya 1890 Johann Bolle, aliyefanya kazi ya uchunguzi wa hariri katika mji wa Gorizia, alionyesha kwamba kiwavi mzima akizila punje huugua, tena kwamba punje huyeyuka ndani ya tumbo lake. Mwanzoni mwa karne ya 20 wachunguzi walichuja maji ya viwavi wagonjwa kwa vichujio vinavyozuia hata bakteria, nao wakaona kwamba maji yaliyochujika yaweza bado kuambukiza. Basi ndani yake mlikuwa na kitu kidogo kuliko bakteria. Kitu hicho ndicho kirusi.

Hapa yatupasa kusimama kidogo. Kwa muda mrefu watu walikuwa wakitafuta njia ya kuyafukuza maradhi ya viwavi. Mfugaji wa hariri aliyachukia, kama wewe uchukiavyo mdondo wa kuku. Ilihitajika mtu mwenye hasara ya namna nyingine ili aseme: "Maradhi haya nayataka mimi!"

Maradhi ya kileleni

Mtu huyo alikuwa bwana miti wa Ujerumani. Katika misitu ya huko mna nondo ambaye Wajerumani humwita Nonne, maana yake mtawa wa kike. Viwavi wake hula majani ya miti ya jamii ya misonobari, na mti ulionyang'anywa majani yote mara nyingi hufa. Karibu na mwaka 1890 viwavi hao waliharibu sehemu kubwa za misitu ya Bavaria.

Walinzi wa misitu waliona jambo lile lile aliloliona babu yangu. Baada ya uharibifu, viwavi walipanda mpaka vilele vya miti, wakakusanyika huko, wakafa wakining'inia. Wajerumani waliyaita Wipfelkrankheit, yaani maradhi ya kileleni. Watu wenye akili wakafikiri: kama maradhi haya huua viwavi wa msitu huu, je, tukiyachukua tukayapeleka katika msitu ambao bado haujaliwa?

Walijaribu. Walichukua viwavi wagonjwa wakawapeleka kwa wazima. Majaribio hayo ya miaka ya 1890 hayakuleta matokeo ya kutegemewa, kwa maana hawakujua bado ni kitu gani hasa wanachokibeba, wala kiasi gani chatosha, wala saa ipi ndiyo saa yake. Lakini wazo lilikuwa limezaliwa, na wazo likizaliwa halirudi tumboni.

Ndani ya punje

Jawabu la kwanza, yaani ni kitu gani hiki, lilikamilika mwaka 1947. Gernot Bergold, akitumia hadubini ya elektroni, iliyo na nguvu kuliko hadubini ya kawaida, aliziyeyusha punje na kuona vilivyomo. Ndani ya kila punje mlikuwa na virusi vyenye umbo la vijiti, vimefungwa kama mbegu ndani ya ganda. Kwa sababu ya umbo hilo jamii hii huitwa bakulovirusi, kutokana na neno la Kilatini lenye maana ya fimbo.

Sasa natawaeleza kazi yao hatua kwa hatua, na naomba msikilize vizuri, kwa sababu mambo yote yatakayofuata yategemea hapa.

Punje iko juu ya jani. Haitembei, haina mdomo, haiwezi kupenya ngozi ya kiwavi. Hungoja kuliwa. Kiwavi akila jani humeza punje pamoja nalo. Tumbo la kiwavi wa namna hii si kali kama maji ya ndimu. Lina hali ya magadi. Katika magadi hayo ganda la punje huyeyuka na vijiti hutoka. Huingia katika ukuta wa utumbo, kisha hutapakaa mwili mzima, na chembe hai nyingi za mwili hugeuzwa kuwa viwanda vya kutengeneza virusi vipya na punje mpya. Kwa kawaida zapita siku nne mpaka saba, pengine zaidi, kabla kiwavi hajafa. Mwisho mwili wote huwa maji. Kiwavi mkubwa mmoja aweza kuwa na punje zaidi ya bilioni moja. Ngozi hupasuka, maji hudondoka juu ya majani ya chini, mvua huyatawanya, na viwavi wengine huyala.

Je, kwa nini hupanda juu kabla ya kufa? Ni kwa faida ya kirusi, si ya kiwavi. Kinachodondoka kutoka juu huenea mbali kuliko kilicho chini. Mwaka 2011 watafiti wa Marekani wakiongozwa na Kelli Hoover walionyesha, katika viwavi wa nondo mmoja wa misituni, kwamba kirusi kina maagizo yake ya urithi yanayomfanya kiwavi apande. Waweza kusema kirusi humpanda kiwavi kama mtu apandavyo punda, akampeleka atakako yeye.

Na sasa twaweza kumjibu babu nusu ya swali lake. Kwa nini hawakufa juzi? Kwa sababu maradhi haya hungoja viwavi wawe wengi na wasongamane, kama vile surua ienezavyo upesi katika chumba chenye watoto wengi. Wakiwa wachache, punje hazikutani na midomo. Wakiwa wengi, maradhi yaenea, lakini shamba nalo limekwisha kuliwa. Maradhi yenyewe ni makali. Ubaya wake ni kuchelewa.

Ajali njema ya Kanada

Mwaka 1930 iligunduliwa katika Kanada, katika jimbo la Quebec, kwamba mdudu mgeni kutoka Ulaya ameingia msituni. Funza wake hufanana sana na kiwavi, ingawa mdudu mwenyewe ni wa ukoo wa nyuki na nyigu. Aliharibu vibaya misitu ya maelfu ya maili za mraba, na kiwanda cha karatasi pasipo miti ni nyumba tupu.

Serikali ya Kanada iliagiza kutoka Ulaya nyigu wadogo ambao hutaga mayai katika mwili wa adui huyo, ikawafuga kwa wingi na kuwaachia msituni. Pamoja na wageni hao kiliingia kisichoalikwa. Kirusi cha funza yule, kinachodhaniwa kuwa kilikuja pamoja na nyigu, kilianza kuonekana katika miaka ya 1930 kuelekea mwisho. Kikaenea chenyewe msitu hata msitu. Haikupita miaka kumi adui akawa amepungua hata asiwe tishio tena. R. E. Balch na F. T. Bird walieleza habari hiyo mwaka 1944.

Huu ulikuwa ushahidi mkubwa. Ulionyesha kwamba maradhi peke yake yaweza kuokoa msitu. Lakini tukumbuke kwamba mti wa msituni waweza kupoteza majani mwaka huu ukapona mwaka ujao. Mhindi wako hauna mwaka ujao. Kwa mkulima wa nafaka, saa ndiyo shida.

Aliyefanya kazi juu ya saa alikuwa Edward Steinhaus wa Chuo Kikuu cha California, ambaye tangu mwaka 1945 alijenga huko maabara ya maradhi ya wadudu. Aliwachunguza viwavi walao lusini, yale majani ya kulishia ng'ombe. Kila mwaka viwavi hao walikufa kwa maradhi, na kila mwaka ni baada ya kula. Steinhaus na mwenzake C. G. Thompson walinyunyiza punje shambani wakati viwavi wangali wadogo, na katika mwaka 1949 walitangaza kwamba maradhi yaweza kuanzishwa mapema kuliko desturi yake. Jambo hili ni dogo kulisema, ila ndilo lililokuwa likitafutwa tangu misitu ya Bavaria.

Kwa nini basi dunia haikuishika njia hiyo mara moja? Kwa sababu palikuwa na DDT. Mswisi Paul Müller alikuwa amegundua nguvu yake ya kuua wadudu mwaka 1939. Ilikuwa rahisi, iliua upesi, iliua wadudu wa kila namna. Nani angemngoja kiwavi augue siku saba, wakati sumu humwangusha siku ile ile? Ilichukua miaka kuonekana kwamba sumu iuayo kila mdudu huua pia nyigu na siafu waliokuwa wakitusaidia, na kwamba wadudu wengine huizoea.

Pamba ya Uganda, pamba ya Marekani

Msidhani kwamba mambo haya yalifanyika Ulaya na Marekani tu. Mkulima wa pamba amjua funza wa vitumba. Mwaka 1958 T. H. Coaker alichapisha matokeo ya majaribio aliyoyafanya Uganda juu ya maradhi ya virusi ya funza huyo. Na mwaka 1965 E. S. Brown na G. Swaine, waliokuwa watafiti katika Afrika ya Mashariki, walichapisha maelezo ya maradhi ya virusi ya viwavijeshi wetu. Basi wale viwavi waliomshangaza babu walikuwa wamekwisha kuandikwa kitabuni miaka mingi kabla sijazaliwa.

Huko Marekani kazi juu ya funza wa vitumba ilizaa dawa ya dukani. Iliitwa Elcar, na mwaka 1975 iliandikishwa na serikali kwa matumizi ya pamba. Lakini baada ya miaka michache zikaja sumu mpya za jamii ya pareto, zilizotengenezwa viwandani, zikaua haraka kwa kiasi kidogo. Elcar ikakosa wanunuzi, na mwanzoni mwa miaka ya 1980 utengenezaji wake ulisimama. Twajifunza hapa kwamba dawa nzuri si ile iuayo tu. Ni ile ambayo mkulima aweza kuipata, kuiamini na kuingojea.

Viwavi hamsini kwa hekta

Sasa twende Brazil, kwa maana huko ndiko mkulima mwenyewe alikoingia katika historia hii.

Katika miaka ya 1970 wakulima wa soya wa Brazil walinyunyiza sumu karibu mara sita kwa msimu mmoja, hasa kwa ajili ya kiwavi mmoja alaye majani ya soya. Katika shirika la utafiti wa kilimo la serikali, Embrapa, huko Londrina, Flávio Moscardi na wenzake walichukua kirusi cha kiwavi huyo wakakijaribu katika mashamba ya wakulima. Kisha mwanzoni mwa miaka ya 1980 walianza kukieneza, na namna walivyokieneza ndiyo inayonipendeza mimi. Mkulima alipewa kiasi kidogo cha kuanzia. Alinyunyiza sehemu ya shamba, akangoja, akaokota viwavi waliokufa, akawahifadhi katika barafu. Msimu uliofuata aliwasaga, akawachanganya na maji, akachuja kwa kitambaa, akanyunyiza. Viwavi hamsini wakubwa waliokufa kwa maradhi walitosha hekta moja.

Baadaye viwanda vidogo vilitengeneza unga wake. Kufikia msimu wa 2003 na 2004 kirusi hicho kilitumika katika hekta karibu milioni mbili kila mwaka. Hakuna nchi nyingine iliyokuwa imefika hapo kwa kirusi kimoja.

Lakini historia ya kweli haina budi kusimuliwa mpaka mwisho. Baada ya hapo matumizi yalishuka sana. Wakulima wengi walianza kuchanganya sumu ya wadudu pamoja na dawa ya magugu, wakinyunyiza mapema hata kama viwavi hawajaonekana. Wadudu wasaidizi wakafa, viwavi wa namna nyingine wakazidi, na kirusi kile hakiwezi kuwaua hao wengine. Basi njia iliyojengwa kwa miaka ishirini na zaidi ilirudi nyuma, si kwa sababu kirusi kilishindwa, bali kwa sababu desturi ya ukulima ilibadilika.

Nyumbani: nondo, mtego na mvua

Turudi nyumbani. Viwavijeshi si wadudu wa mahali pamoja. Nondo wao husafiri usiku kwa upepo, mamia ya kilomita. Mara nyingi milipuko ya kwanza ya msimu huonekana Tanzania ya kati na Kenya ya mashariki, mvua zinapoanza. Kisha vizazi vifuatavyo huelekea kaskazini, mpaka Ethiopia na mbele yake. Kwa hiyo anayewazuia Dodoma au Morogoro humsaidia pia mkulima asiyemjua, asemaye lugha nyingine.

Tangu miaka ya 1960 Afrika ya Mashariki iliweka mitego ya kuwahesabu nondo ili kutabiri milipuko. Kwanza ilikuwa mitego ya taa, na baadaye mitego yenye harufu ya nondo jike. Mwanzoni mwa miaka ya 2000, katika wilaya ya Kilosa, kazi hiyo ilianza kuwekwa mikononi mwa wanakijiji wenyewe. Kijiji kilikuwa na mtego wake na kipimo chake cha mvua. Nondo wakiwa wengi na mvua ikinyesha, kijiji kilitangaza tahadhari.

Katika miaka hiyo hiyo watafiti wa Tanzania na Uingereza, miongoni mwao Wilfred Mushobozi na David Grzywacz, walijaribu kirusi cha viwavijeshi katika Tanzania ya kaskazini. Walinyunyiza kutoka ardhini na kwa ndege, kiasi cha punje bilioni elfu moja kwa hekta. Matokeo yalichapishwa mwaka 2008: viwavi walianza kufa baada ya siku tatu au nne, na katika siku kama kumi wengi wao walikuwa wamekufa. Na mwaka 2010 ulichapishwa utafiti ulioonyesha kwamba kirusi hiki chaweza kujificha ndani ya nondo aonekanaye mzima, na kupita kwa mayai hata kwa watoto wake. Yaani jeshi hutembea na adui yake mfukoni.

Sasa unganeni nami katika fikira. Mtego hutuambia mapema kwamba viwavi watakuja. Kirusi kinyunyizwacho mapema huwakuta wangali wadogo. Mambo hayo mawili pamoja ndiyo jibu la nusu ya pili ya swali la babu. Hawakufa juzi kwa sababu hakuna aliyejua juzi, wala hakuna aliyekuwa na punje mkononi juzi.

Maswali ambayo mwenye busara huuliza

La kwanza: je, hatutaugua sisi? Bakulovirusi huishi katika wadudu tu na jamaa zao wa karibu, na kila kimoja huwa na wenyeji wachache sana. Mwaka 1967 A. M. Heimpel na L. K. Buchanan wa Marekani walieleza jinsi watu waliojitolea walivyolishwa kirusi cha funza wa vitumba kwa siku kadhaa, wasipate madhara. Na mwaka 1973 zilionekana punje kwa mamilioni katika kabichi zilizonunuliwa madukani huko Marekani. Maana yake ni kwamba watu hula punje hizi na mboga zao siku zote.

La pili: je, kirusi kimoja huua viwavi wote? Hapana. Mwaka 2016 aliingia Afrika ya Magharibi kiwavijeshi vamizi kutoka Amerika, na mwaka 2017 alikuwa amekwisha fika kwetu. Huyu si yule wa zamani. Hujificha ndani ya moyo wa mhindi, naye anacho kirusi chake mwenyewe. Anayekuuzia chupa moja na kukuambia kwamba humaliza kila kiwavi, mwulize vizuri.

La tatu: je, viwavi hawatazoea? Wanaweza. Katika Ulaya kuna kirusi kilichotumika kwa miaka mingi juu ya kiwavi wa matufaha. Mwaka 2005 ilitangazwa Ujerumani kwamba katika mashamba fulani viwavi hao walikuwa hawafi tena kama zamani. Ilibidi watafute kirusi cha asili nyingine cha aina ile ile. Silaha moja ikitumika daima hupoteza makali.

La nne ni la gharama. Kirusi hakioti katika sufuria wala katika unga. Huzaliwa ndani ya chembe hai tu, basi ili kukipata yapasa kuwafuga viwavi kwa maelfu, kuwalisha, kuwaambukiza na kuwavuna. Tena jua huharibu punje zilizo juu ya jani katika muda wa siku chache. Kwa hiyo hunyunyizwa jioni, na kwa viwavi wadogo.

Naongeza onyo. Msiende kuokota viwavi waliooza na kuwachanganya nyumbani bila uongozi. Mzoga waweza kuwa na vijidudu vingine visivyo vya kheri. Wakulima wa Brazil walifundishwa, na mabwana shamba wao walikuwa karibu nao.

Mwisho

Ndugu wasikilizaji, tumeona punje za mwaka 1856, msitu wa Bavaria, ajali ya Kanada, pamba ya Uganda, soya ya Brazil na mtego wa Kilosa. Katika safari hiyo yote maradhi yenyewe yalikuwapo tayari. Kilichokuwa kikijengwa polepole ni ujuzi wa kuyawahisha. Na kuwahi hakumo katika chupa peke yake. Kumo katika kijiji kinachohesabu nondo wake, kinachopima mvua yake, na kinachopeleka habari leo badala ya kesho.

Babu alikufa kabla sijajifunza haya. Ningependa kumwambia kwamba swali lake lilikuwa zuri, na kwamba jibu lake linahitaji watu zaidi ya mmoja.

Katika kikundi chenu jadilini maswali haya, na karani aandike majibu:

1. Mliona lini viwavijeshi mara ya mwisho? Je, mliwaona wakifa wakining'inia, na mazao yalikuwa katika hali gani siku hiyo?

2. Nani katika kijiji chenu hupata kwanza habari ya nondo au ya viwavi? Habari hiyo huchukua siku ngapi kufika kwa kila mwenye shamba?

3. Dawa iuayo kwa siku moja, na dawa iuayo kwa siku saba bila kuua wadudu wasaidizi: kila moja ina faida gani na hasara gani kwenu?

4. Kwa nini wakulima wa Brazil waliiacha njia iliyowafaa? Je, kuna desturi njema ya kilimo ambayo ninyi nanyi mmeiacha?

Wekeni majibu yenu pamoja na karatasi hizi, ili mwaka ujao, mvua zitakapokaribia, mzisome tena. Kwaherini, na Mungu akipenda tutakutana katika somo lijalo.